Kabati Lililofanya Mtihani

Kule hospitalini mke wangu anaitwa Mama Mashuka, na usidhani ni utani. Ni cheo. Miaka kumi na tisa yuko kwenye chumba cha kufulia, kule nyuma kabisa karibu na jiko, ambako mvuke hautoki hata ufungue madirisha yote. Shuka likipita mkononi mwake anakwambia limetoka wodi gani kabla hajatazama alama. Mashine namba tatu, ile kubwa inayotikisika kama ina jambo inataka kusema, yeye huisikiliza kwa sikio moja huku anakunja foronya, na ikibadilisha sauti kidogo tu anajua mkanda unakaribia kukatika. Mfanyakazi mgeni akitumbukiza shuka lenye damu kwenye maji ya moto, mke wangu hamgombezi. Anamtazama tu. Kuna wawili waliacha kazi kwa kutazamwa.

Mimi ni kinyozi. Duka langu liko mbele, nyumba iko nyuma, ukuta ni mmoja. Kwa hiyo ya nyumbani nayasikia nikiwa kazini, na ya kazini nayaingiza nyumbani. Mdomo wangu na mkasi wangu walianza kazi siku moja, na mpaka leo hakuna aliyechukua likizo. Hilo la mdomo lishike, maana ndilo lililokuja kuniponza.

Sasa, msimamizi wa kule kwenye kufua alipostaafu, mke wangu akaambiwa akaimu. Akakaimu wiki, akakaimu mwezi, akakaimu miaka miwili mizima. Kazi yote yake, kiti si chake. Halafu siku moja akarudi na barua. Akaiweka mezani na kuibana kwa kidole, kama vile itaruka.

Barua ilisema mashine mpya zinakuja, na mafundi wake na vitabu vyake vyote ni Kiingereza. Kwa hiyo msimamizi lazima awe na cheti cha Kiingereza cha daraja la kati. Si daraja la kuanzia, la mtu wa kutaja jina na umri wake, wala si la juu, la kina wakili. La kati. Akikipata kabla ya mwisho wa mwezi wa sita, kiti ni chake. Asipokipata, wataleta mtu kutoka nje.

"Yaani nije nioneshwe mashine namba tatu na mtu aliyeiona jana," alisema.

"Kiingereza chako kikoje lakini?" nikamuuliza.

"Nakijua cha kwenye pakiti za sabuni."

Ni kweli. Alikuwa anajua kusema usiweke karibu na moto, ikiingia machoni osha kwa maji mengi, na weka mbali na watoto. Kwa maneno hayo mtu anaweza kulea familia, lakini hawezi kufaulu mtihani.

Akajiandikisha darasa la Jumamosi asubuhi, chumba kilicho juu ya duka la magodoro. Mwalimu wao alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni mpaka alipostaafu, na ile kazi ilimganda kooni. Anasema polepole, kila neno analirudia mara mbili, na akimaliza sentensi unatamani ushike mzigo wako uondoke. Wanafunzi walimwita Mwalimu Stesheni, na yeye alijua, na nadhani alipenda.

Mwalimu aliwaambia: zungukeni na maneno, yaoneni kila mahali. Wengine waliandika kwenye daftari. Mke wangu alifanya kama wanavyofanya kazini. Kule kwao kitu chochote kisicho na lebo hakiingii kwenye mashine, kwa sababu kikiingia hakitarudi kwa mwenyewe. Basi akaleta vipande vya kitambaa cheupe na ile kalamu ya wino usiotoka, akakaa na sindano. Ndani ya wiki moja nyumba yangu yote ilikuwa na lebo. Pazia lina lebo ya pazia, mto lebo ya mto, kiti kimeshonewa mgongoni, birika limefungiwa shingoni. Nikavaa shati langu la kazini, mteja ananicheka. Kuvua, nakuta nimeshonewa kwenye kola neno la Kiingereza la mume.

"Nisije nikakusahau," akasema, wala hakuinua macho.

Ila lebo moja ilinikaa vibaya. Ilikuwa imebandikwa kwa pini ukutani, sebuleni, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Ni ukuta mtupu wenye alama ya mraba mrefu, rangi imekolea kuliko pembeni. Ile lebo ilisema kabati.

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo.

Mama yetu miaka yake miwili ya mwisho aliishi hapa kwetu, na aliyemwogesha, aliyemlisha na kumgeuza kitandani ni mke wangu, kabla ya kwenda kufua mashuka ya hospitali na baada ya kurudi. Mama alikuja na kabati la vyombo ambalo baba alilichonga kwa mikono yake. Milango miwili ya vioo juu, droo mbili chini, ya kushoto hukwama. Mama alipofariki kabati likabaki kwetu, na mke wangu alikuwa analisugua mafuta kila Jumamosi mpaka ungeweza kujinyolea mbele yake.

Wiki chache baadaye, mke wangu akiwa zamu, dada yangu akaja na mkokoteni na wabebaji wawili, akalichukua. Dada yangu ni mpokea wagonjwa kwa daktari wa meno, na toka utotoni tunamwita Meneja, kwa sababu alitusimamia hata tulipokuwa tunacheza. Mimi nilikuwa dukani na mteja ana povu usoni. Nikaona kabati linapita barabarani juu ya mkokoteni. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Ona, kabati kama letu."

Mke wangu aliporudi akakuta sahani zake zimepangwa sakafuni juu ya magazeti, kama za mnada. Hakulia. Alisema hivi: "Mimi na wifi yangu hatutasemezana mpaka aje mwenyewe aniambie ni kwa nini." Na dada yangu, nilipokwenda kwake, akasema: "Mimi simsemeshi mpaka aje mwenyewe aniulize ni kwa nini." Kila mmoja anamngoja mwenzake, na sababu haisemwi. Wakangojana miaka mitatu. Salamu zote, misiba yote, harusi zote zikapitia kwangu. Nilikuwa posta.

Basi tuendelee. Wiki sita kabla ya mtihani, Mwalimu Stesheni akakusanya madarasa yake yote, la Jumamosi na la Jumatano, kuwatangazia jozi. Maana mtihani wa kuongea hufanywa wawili wawili. Mnaingia pamoja, mnapewa jambo, mnajadiliana mbele ya watahini na kufikia makubaliano. Jozi zilikuwa zimepangwa na ofisi ya mtihani kwa kufuata jina la ukoo. Mke wangu alipoolewa alichukua jina letu. Dada yangu jina letu alizaliwa nalo. Na dada, bila sisi kujua, alikuwa darasa la Jumatano, anatafuta cheti hicho hicho apate nafasi chuoni.

Mwalimu akasimama, akakohoa, akasoma majina kama kila jozi inaondoka na treni yake. Alipofika kwa hao wawili akatabasamu. "Ndugu na ndugu," akasema. "Safari yenu itakuwa nyepesi."

"Watu wamejaa duniani," mke wangu aliniambia jioni ile, anakata uzi kwa meno, "halafu nipewe yule."

Alikwenda ofisi ya mtihani kuomba abadilishiwe. Wakamwambia orodha imeshatumwa, anayetaka mwenzi mwingine angoje mtihani ujao, miezi sita. Miezi sita ni baada ya kiti kukaliwa na mtu mwingine. Alirudi kwa Mwalimu akamweleza shida yake, na Mwalimu akamwita na dada yangu siku hiyo hiyo.

"Mabibi," akawaambia, "mambo yenu mimi siyataki. Kiswahili mnuniane mpaka mchoke. Kiingereza msemezane."

Dada yangu akaja dukani kwangu na ujumbe. "Mwambie mkeo Kiingereza si kusemezana. Ni mazoezi. Hakihesabiki."

Nikaupeleka. Mke wangu akafikiri kidogo. "Leo ndiyo kasema neno la akili. Mwambie Jumapili saa tisa. Aje na kalamu yake."

Ndugu yangu, hayo mazoezi ungeyaona. Dada anaingia, anasalimia ukuta. Mke wangu anasema, "Mwambie dada yako viatu aache mlangoni." Dada yuko hatua mbili kutoka alipo. "Dada, viatu." "Mwambie mkeo nimeshavua." Halafu wanakaa meza moja, mimi nawasha saa ya simu, dakika kumi, na mara hiyo hiyo wanageuka watu wengine kabisa. Sauti zinalainika. Baadaye walinitafsiria, na yalikuwa maneno ya namna hii:

"Rafiki yangu mpendwa, unaonaje kikombe kimoja cha chai?"

"Ni wazo zuri sana. Nakushukuru kwa ukarimu wako."

Saa ikilia: "Mwambie ameacha maji yakimwagika." "Mwambie nayaona."

Mwalimu alikuwa amewaagiza wachague kitu kimoja wanachokijua wote wawili, wakijadili kila juma mpaka maneno yakae. Dada aliangaza nyumba nzima, pazia, kiti, birika, akafika kwenye ile lebo ya ukutani. Akaitazama kwa muda mrefu. Mke wangu naye akatazama hapo hapo. Wakachagua kabati.

Wakalijua lile kabati kwa Kiingereza kuliko baba alivyolijua kwa randa. Bawaba, kioo, kishikio, droo inayokwama, mguu ulioliwa na mchwa. Likae sebuleni au chumbani? Lielekee dirisha au lilipe mgongo? "Naliheshimu wazo lako, ila naomba kutofautiana nalo." "Hoja yako ina uzito, hata hivyo jua litaharibu mbao." Kila kitu kuhusu kabati kilijadiliwa. Jambo moja tu hakuna aliyeligusa, nalo ni kwamba kabati lenyewe lilikuwa kwa dada, mitaa minne kutoka hapo.

Wiki mbili kabla, Mwalimu akawafanyia jaribio, na akaniruhusu nikae nyuma kwa kuwa nilikuwa nimemnyoa vizuri. Walipomaliza mimi nilitaka kupiga makofi. Mwalimu akavua miwani.

"Mama Mashuka, matamshi yanakwenda. Maneno yapo. Ila kwenye kujadiliana nimekupa nne juu ya kumi, na bila sita hutoki stesheni." Akawageukia wote wawili. "Hamuulizani. Kila mmoja anatoa hotuba yake anakaa kimya. Mwenzako akisema jambo, muulize kwa nini. Yeye akupe sababu. Wewe ujibu hiyo sababu. Kwa nini, kwa nini, kwa nini. Kwani hilo swali lina miiba?"

Dada alikuwa anafunga begi. Mke wangu alikuwa anajitazama vidole.

Na mimi kule nyuma nikashusha mikono iliyokuwa tayari kupiga makofi. Kwa sababu hapo hapo, kwenye benchi la Mwalimu Stesheni, ndipo nilipokumbuka.

Wiki ile ile kabati lilipochukuliwa, siku mbili kabla, dada alipita dukani. Akauliza, "Kabati la mama liko salama?" Nilikuwa nanoa wembe, niko katika hali yangu nzuri. Nikasema, "Salama wapi. Wifi yako anataka kulipaka rangi nyeupe, life kabisa, lifanane na friji." Nikacheka peke yangu. Mteja akaingia, nikasahau. Ulikuwa mzaha. Mke wangu hajawahi kusema habari ya rangi hata siku moja. Lakini baba yetu alilipiga lile kabati msasa kwa mikono yake miezi miwili ili mistari ya mbao ionekane, na dada ndiye aliyekuwa anamshikia taa.

Kwa hiyo elewa nilipokuwa. Mke wangu akiuliza kwa nini, anapata kiti chake. Na mimi napatikana.

Utasema ningekiri mapema. Nilijaribu. Jumatatu nikasubiri ale ashibe. "Mke wangu, kuna jambo."

Akainua kidole. "Kiingereza."

Ndiyo ilikuwa sheria yake mpya: wiki hizi za mwisho ndani ya nyumba ni Kiingereza tu, asiyejua anyamaze. Nikazungusha macho kutafuta msaada kwenye lebo. Nilikuwa na kijiko, pazia, kiti, mto na birika. Hebu wewe jaribu kutubu kwa hayo.

Jumatano nikajaribu tena mlangoni anapotoka kwenda zamu. Kidole. Ijumaa nikaanza na kidole changu mwenyewe, nikaonesha ukuta, nikajionesha mimi kifuani, nikafanya kama napaka rangi. Akanitazama kwa huruma. "Ukuta hauhitaji rangi," akanijibu kwa Kiingereza chepesi, na akarudia mara ya pili polepole, kama Mwalimu Stesheni. Nikakubali yaishe.

Siku ya mtihani niliwasindikiza wote wawili, mimi katikati, kama mzega, ule mti wa begani, kati ya ndoo mbili. Korido ilikuwa ndefu, ina viti vya plastiki, na mlango wa chumba cha kuongea una kioo chembamba wima. Mke wangu alivaa gauni lake la bluu. Mikono yake ilikuwa inanukia dawa ya kufulia, ile harufu haimtoki hata afanyeje, na alikuwa anakunja leso, anaikunjua, anaikunja tena pembe kwa pembe, kama foronya.

"Kitu kimoja tu," nikamwambia kwa sauti ya chini, nikavunja sheria. "Huyo mwenzako, hata akisema nini humo ndani, kumbuka mimi ni mtu wa utani."

"Unaongea nini wewe?" Kisha majina yao yakaitwa.

Mlango ukafungwa. Nikangoja kidogo, nikasogea kwenye kioo. Wale watahini wawili walinipa mgongo, mama mmoja mwenye miwani na mwingine wa kuandika tu. Mbele yao nawaona mke wangu na dada. Sauti haitoki, naona midomo.

Yaliyosemwa nilisimuliwa baadaye, na kila mmoja peke yake, na hadithi zao zinafanana isipokuwa pale pa nani aliyelia.

Yule mama wa miwani aliwapa karatasi yenye picha sita: hema, tochi, ramani, sufuria, redio, kitabu. Rafiki yenu anakwenda kupiga kambi mlimani siku tatu. Jadilianeni, mkubaliane vitu vitatu vya kubeba.

Mke wangu akatazama karatasi na maneno yote yakamkimbia. Hema halimo kwenye nyumba yetu, halina lebo. Yalibaki ya kabati peke yake, yamejipanga mstari yanangoja zamu. Sekunde zinakwenda. Akafungua mdomo.

"Kwa maoni yangu," akasema, "jambo la kwanza ni kujua kabati tutaliweka wapi."

Yule wa kuandika akaacha kuandika.

Dada yangu angeweza kumwacha hapo. Alikuwa analijua hema, anaijua tochi, angesema yake akachukua alama zake akaenda zake. Alimtazama wifi yake, akaona jasho limetoka juu ya mdomo, na ile leso imekuwa ndogo kama stempu.

"Hoja nzuri," dada akasema. "Ila mlimani hakuna ukuta wa kuliegemeza."

"Kweli. Basi libaki nyumbani."

"Nakubaliana na wewe. Nyumbani kwa nani?"

Hapo ndipo nilipoona, kwenye kile kioo, mikono ya mke wangu inapanda hewani, inachora pembe nne, halafu inafunguka kushoto na kulia. Milango miwili ya vioo. Nikajua mambo yameharibika.

Mama wa miwani akaangalia saa yake. Mke wangu anasema aliisikia sauti ya Mwalimu kichwani, bila sita hutoki stesheni, na akaiona mashine namba tatu, na mtu mgeni amesimama mbele yake na kitabu mkononi. Miaka mitatu alikuwa amelikalia lile swali kama mtu aliyekalia mfuko wake kwenye safari. Akalitoa.

"Kwa nini ulilichukua?"

Dada alijibu papo hapo. Na yeye alikuwa amelibeba jibu muda wote huo. "Kwa sababu ndugu yangu aliniambia unataka kulipaka rangi nyeupe."

"Ndugu yako yupi?"

"Ninaye mmoja tu."

"Huyu aliyeko nje?"

Wakageuka wote wawili kwa pamoja kutazama mlango. Macho manne. Mimi nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, na siku hiyo nilikuwa nimevaa makubazi.

Nikiwa kule chini, wao waliendelea. Mke wangu akasema: "Sikusema rangi. Mimi nilidhani ulilichukua kwa sababu sikumtunza mama vizuri." Hakukuwa tena na habari ya naliheshimu wazo lako. Maneno yalikuwa mafupi, mengine yamevunjika, lakini yalikuwa yanafika. Dada akasema: "Ulimtunza kuliko mimi. Mimi nilikuwa nakuja na matunda, nakaa nusu saa, naangalia saa yangu." Mke wangu anasema hapo dada alilia. Dada anasema aliyelia ni mke wangu. Yule wa kuandika ndiye aliyetoa karatasi laini, akawapa wote wawili bila kuuliza.

"Mna dakika moja," akasema mama wa miwani. "Mmekubaliana vitu gani?"

Wakanong'onezana, kwa Kiingereza. Mke wangu akakaa sawa. "Tumekubaliana vitu vitatu. Cha kwanza, tochi. Cha pili, kabati litarudi lilipokuwa. Cha tatu, yule bwana aliyeko nje atalisugua mafuta kila Jumamosi."

Yule wa kuandika akaandika.

Mlango ukafunguliwa. Walitoka wanakwenda sawasawa, bega kwa bega, na nikajua nimekwisha. Mke wangu akasimama mbele yangu, akasema neno lake la kwanza la Kiswahili kwa dada yangu tangu siku ya mkokoteni.

"Wifi," akasema, "hebu nishikie mkoba huu, nataka mikono yote miwili."

"Lete, wifi yangu," dada akajibu. "Na ukichoka niambie."

Sitasimulia yaliyofuata pale koridoni. Watahiniwa wengine walisema yaliwaondolea woga.

Matokeo yalichukua wiki tatu, na katika hizo wiki tatu mke wangu hakuwa na uhakika wa lolote. "Nilipoteza swali," alikuwa anasema, anapanga mashuka ya nyumbani ambayo yalishapangwa. "Wameuliza hema, mimi nikawapa kabati. Nani atanipa alama za kabati?" Dada akawa anakuja kila jioni kukaa naye, hawazungumzi mtihani, wanakunja nguo. Nami nikatiwa adabu ya kuchemsha chai, na hakuna aliyeniita rafiki mpendwa.

Karatasi ilipokuja aliifungulia dukani kwangu, mteja yuko kitini na kichwa nusu. Kusoma kapita. Kuandika kapita. Kusikiliza kapita kwa alama moja, kwa sababu wale watu wa kwenye kanda huongea kama wanafukuzwa. Kuongea: themanini na nane juu ya mia. Katika madarasa yote mawili hakuna aliyeifikia isipokuwa dada, ambaye alipata themanini na tisa na hakutuacha tusahau.

Tulimpelekea Mwalimu habari, tukamwambia na ya kabati. Akavua miwani, akakaa nayo mkononi. "Miaka yote nawafundisha watu kujifanya wanaongea," akasema polepole. Safari hii hakurudia.

Jumatatu iliyofuata mke wangu aliingia kazini na cheti ndani ya bahasha, akatoka na barua. Neno kaimu halimo. Alianza usimamizi wake kwa kuishonea mashine namba tatu lebo, sijui imeandikwa nini, na aliposikia mafundi wa mashine mpya wanataka kuiondoa ile ya zamani, aliwauliza kwa nini, kisha kwa nini tena, mpaka wakaiacha.

Kabati lilirudi Jumamosi, kwa mkokoteni ule ule. Dada alitembea pembeni yake ameshika kioo, na safari hii nililitambua. Likaingia kwenye alama yake ya ukutani kama mguu kwenye kiatu chake. Mke wangu akaichomoa ile lebo iliyongoja miezi ukutani bila mwenyewe, akaifunga kwenye kishikio cha droo ya kushoto, inayokwama.

Mimi nikaanza kurudi dukani taratibu, kinyumenyume.

"Wewe," akasema dada. Kitambaa na chupa ya mafuta vilikuwa tayari juu ya kiti.

"Jamani," nikasema, "tuwe watu wa haki. Mlikubaliana kwa Kiingereza. Na nyinyi wenyewe mlisema, mimi ndiye niliyeleta ujumbe, kwamba Kiingereza hakihesabiki."

Mke wangu akavuta kiti akakaa, dada akakaa pembeni yake.

"Kilihesabika," akasema mke wangu. "Themanini na nane. Anza na miguu."

Nikapiga magoti. Nilikuwa sijamaliza hata mguu wa kwanza, dada akapitisha kidole juu ya mbao, akakitazama, akamwambia wifi yake jambo kwa Kiingereza, refu tu, na wote wawili wakacheka mpaka vioo vikatetema. Niliuliza wamesema nini. Hakuna aliyenitafsiria.